Dada anangoja jibu Maskati: nimwambie alete lenzi gani?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 36, nimeolewa na tuna watoto wawili. Twaishi upande wa Gede, na kutoka kwetu hadi hori ya Mida ni safari fupi tu ya bodaboda. Najua wengi wanaokuandikia wana mambo mazito ya ndoa na mirathi, na langu huenda likakuchekesha. Lakini limeninyima usingizi, na sasa limeingia hadi ndani ya nyumba.

Napenda kupiga picha za ndege. Jambo hili lilianzia shuleni nilipofanywa mlezi wa klabu ya wanyamapori, tukawa twaenda Mida na wanafunzi maji yakipwa, kuwatazama ndege wa msimu. Baadaye nikawa naenda hata bila wanafunzi. Mwaka jana nikanunua kamera, Canon R10, hizi za kisasa zisizo na kioo ndani, yenye sensa ndogo, yaani kile kibati cha ndani kinachonasa picha. Ilikuja na lenzi yake ya milimita 18-150 (namba ikikua, inavuta zaidi). Kwa picha za watoto, za harusi na za mandhari sina malalamiko. Shida ni ndege. Wale weusi kwa weupe wenye mdomo mnene, wanaokula kaa, nikivuta hadi mwisho wa lenzi bado wako mbali mno. Nikija kuwakuza kwenye kompyuta, jicho halionekani na manyoya yamekuwa ukungu mtupu.

Sasa, dada yangu mkubwa anafanya kazi Maskati na Desemba anakuja likizo. Ameniambia nichague lenzi ya kuvuta, ainunue huko, nusu aitoe yeye iwe zawadi na nusu nimrudishie. Niliyoiona mimi ni Canon RF 100-400, ile ya f/5.6 hadi f/8 (hiyo f ni tundu la mwanga; namba ikikua, mwanga unaoingia hupungua). Nusu yangu itakuwa kama Sh45,000, na zamu yangu ya chama inaangukia Novemba, kwa hiyo pesa ipo.

Hapo ndipo alipoingia kaka mmoja wa Malindi mwenye studio ya kupiga harusi. Anauza EF 100-400, ile nyeupe kubwa, toleo la pili, ameitumia kwa muda, anataka Sh130,000 pamoja na adapta ya kuiunganisha na kamera yangu. Nilipomtajia ile ya f/8 alicheka mbele ya wateja. "Mwalimu, hiyo ni lenzi ya mchana kweupe. Ukitaka watu wakuheshimu, shika kitu cha kazi." Nikaishika. Nzito, Shangazi! Lakini nilimpiga kunguru juu ya nyaya za stima pale mlangoni pake, na kila unyoya ukaonekana. Tangu siku hiyo sina raha. Dada yuko radhi kunitumia hiyo nusu yake taslimu, ila kinachobaki itabidi nikope sacconi. Na kaka huyo kila wiki ananikumbusha kwamba kuna mtu wa Mombasa anaiulizia.

Ipo pia ya tatu, RF-S 55-210, ndogo kabisa. Hiyo dada anaweza kuinunua karibu yote kwa pesa zake na za chama zikabaki. Lakini naogopa nitakuwa nimenunua kitu cha kujutia.

La nyumbani ni hili. Pesa za chama nilikuwa nimemwambia mume wangu zitaenda kwenye tangi la maji la lita 5,000, maana mfereji wetu huleta maji siku mbili tatu kwa wiki. Nilipomtajia habari ya lenzi hakusema ndiyo wala la. Alisema "wewe wajua," akarudi kwenye taarifa ya habari. Mavyaa yangu ndiye asemaye wazi: mke wa mtu anatembea topeni na kamera shingoni kufuata ndege, na ndani hakuna maji. Nikisikia hivyo najiona mbinafsi. Halafu nakumbuka shemeji zangu walionunua pikipiki bila kuulizwa na mtu, nakasirika tena.

Nina ndoto ya kutoa kalenda ya ndege wa Mida, niwauzie mahoteli na wageni, lenzi ijilipe yenyewe. Tena natamani kuingia msitu wa Arabuko-Sokoke nimpige picha sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu na matako ya dhahabu. Dada anataka jibu mwisho wa mwezi huu. Nimwambie alete ipi? Au niache tu?

Mwalimu wa Gede

*

Marahaba mwanangu.

Sikucheka. Mtu anayeamka alfajiri kwenda kusimama topeni akimngoja ndege ageuze shingo, halafu aingie darasani saa mbili kufundisha, huyo simcheki. Na nimefurahi kwamba umeniandikia mapema, kabla hujakopa.

Acha nirudie nilivyokuelewa. Una lenzi tatu mezani: ndogo ya dada, ya kati ya dada, na kubwa ya kaka wa Malindi. Nyuma ya hizo lenzi una ahadi ya tangi, mume aliyesema maneno mawili, mavyaa aliyesema mengi, na kicheko kimoja cha studio ambacho, nikisoma barua yako, nakiona kimekuuma kuliko ulivyokubali. Haya yote umeyafunga katika furushi moja ukaniuliza "ipi?" Mimi ningependa tulifungue kwanza.

Tuanze na urefu, maana ndiyo sababu ya lenzi. Wauzaji watakuambia 400 kwenye kamera yako ni 640. Hesabu ni kweli, 400 mara 1.6, lakini lenzi haijarefuka hata milimita moja. Sensa yako ina upana wa milimita 22.3 na ile ya kamera kubwa ina 36, basi picha imekatwa pembeni. Ukitaka kujua utapata nini, usihesabu namba za dukani, mhesabu ndege. Huyo mla kaa wako ana urefu wa kama sentimita 40. Akisimama mita 20 kutoka kwako, lenzi ya 400 inaona upana wa mita moja na kidogo, kwa hiyo amejaza zaidi ya theluthi ya picha. Hiyo ni picha ya haja. Kwa 210 upana ni mita mbili na kitu, amejaza kama sehemu moja ya tano. Kwa 150 uliyonayo ni karibu mita tatu, na ndipo ulipo sasa. Akiwa mita 40 kutoka kwako, sehemu anayoijaza igawe kwa mbili.

Ukitazama hesabu hiyo utaona kwamba kuupunguza nusu umbali ni sawa na kuirefusha lenzi mara mbili, na umbali hauuzwi Maskati wala Malindi. Wewe ni mwenyeji wa Mida, wajua maji yanavyoingia. Maji yakipwa ndege wametawanyika nje huko mbali kabisa, nawe barua yako inasema huwa mnakwenda yakipwa. Je, umewahi kujaribu yakiwa yanajaa? Maji yanapopanda tope hupungua, na ndege hulazimika kurudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea ukingoni, mwishowe wamesongamana kwenye kipande kidogo. Aliyekwisha kukaa pale mapema, ametulia, amevaa nguo isiyong'aa, ndege humjia mwenyewe. Siku za bamvua, maji yanapojaa sana, hujaa karibu saa kumi alasiri, na hapo jua limeshalegea. Siku za maji mafu, yanapojaa kidogo, hujaa asubuhi. Sikuambii kwamba lenzi uliyonayo inatosha. Haitoshi kwa ndege. Lakini ningependa uende hivyo mara kadhaa na hiyo hiyo 150 kabla ya mwisho wa mwezi, kisha uangalie picha zako. Pengine utagundua kinachokosekana ni kikubwa, pengine utakuta ni kidogo kuliko ulivyodhani, na hapo 55-210 unayoiogopa itakuwa na sura nyingine.

Na tena: saa sita mchana kwenye tope tupu mazigazi hucheza, hewa inatetemeka kwa joto. Hapo hata lenzi ya bei ya gari haikusaidii. Usiihukumu lenzi yoyote kwa picha za saa hiyo.

Sasa twende kwa kaka wa studio na kicheko chake. Anasema f/8 ni ya mchana kweupe. Nusu ya maneno yake ni kweli. Ukivuta hadi 400, ile RF mpya inafika f/8, na ile nyeupe yake inabaki f/5.6. Tofauti ni mwanga mara mbili. Kwenye uwazi wa Mida, jua limewaka, f/8 kwa ISO 400 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga) unapata spidi ya kama 1/1600 ya sekunde, na hapo hata ndege anayeruka unaweza kumgandisha. Mchana kweupe ndio mwanga wako wa kila siku, mwanangu, kwa nini iwe aibu? Mambo hugeuka ukiingia Arabuko-Sokoke. Chini ya miti iliyofunga, mahali ambapo f/5.6 kwa ISO 6400 inakupa 1/500, f/8 inakupa 1/250, na sange hatembei, anafyatuka. Utakuwa na picha nyingi za matako ya dhahabu yaliyo ukungu mtupu. Ukipandisha ISO zaidi unapata chengachenga, ingawa siku hizi programu za kompyuta huzisafisha vizuri. Kwa hiyo swali si "f/8 ni mbaya?" Swali ni wapi utakuwa mara nyingi. Barua yako imemtaja sange mara moja tu, mwishoni. Mida imejaa kila aya.

Uzito nao usiuchukulie kirahisi. Ile nyeupe ni kilo moja na nusu na ushei peke yake. Ukiweka adapta na kamera umepita kilo mbili. RF 100-400 ni gramu 635, na kamera yako juu yake yote ni kilo moja na kidogo. Mwenye studio hupiga harusi, anatoka garini anaingia ukumbini. Wewe unashuka bodaboda, unatembea kwenye mikoko, miguu inazama. Ukumbuke pia R10 haina kituliza mtikisiko ndani yake, inategemea cha kwenye lenzi. Zote tatu unazozifikiria zinacho, alhamdulillahi. Lakini kituliza kinatuliza mkono wako tu, hakimtulizi ndege, na mkono uliochoka kwa kilo mbili baada ya saa moja hakuna kifaa kinachoutuliza sawasawa.

Lakini nisiidhulumu ile nyeupe. Ni lenzi nzuri kwelikweli, ilitoka 2014 na wapiga ndege wengi dunia nzima waliishi nayo. Yule kunguru hakukudanganya. Adapta haina kioo ndani, haipunguzi ubora, na fokasi ya kamera yako itafanya kazi nayo, pamoja na kule kulitafuta jicho la ndege. Imezibwa vizuri dhidi ya vumbi na manyunyu, ingawa kamera yako yenyewe haikuzibwa hivyo, kwa hiyo usijidanganye na mvua. Hatari yake kwetu sisi wa pwani ni kuvu. Lenzi ikikaa miaka kwenye kabati la Malindi, katika unyevu na chumvi, kuvu huota ndani ya vioo. Ukiamua kuifikiria kwa dhati, nenda na tochi. Fungua vifuniko vyote viwili, mulika kutoka nyuma huku unatazama kwa mbele, kwa mshazari, ukitafuta nyuzi nyembamba nyeupe au madoa yaliyotanda. Zungusha zumu toka mwanzo hadi mwisho usikie kama kuna mahali inakwama au panakwaruza. Sogeza sikio usikilize kituliza kikiwaka na kuzimika. Piga picha ukutani penye maandishi madogo kwa 400 na f/5.6, uangalie pembe zote nne. Halafu mwombe uondoke nayo siku moja hadi Mida, ukimwachia rubuni. Mwenye kitu kizima hakosi kukubali kwa mtu anayemjua. Akikataa na kukutajia mtu wa Mombasa tena, huyo mtu wa Mombasa mwache ainunue.

Na neno lake la heshima. Hili nalisema polepole. Umeandika "nikaishika," ukaandika uzito, kisha ukaandika "sina raha." Mwanangu, kilichokunyima raha ni yale manyoya ya kunguru, au ni kicheko mbele ya watu? Vyote viwili ni haki yako kuvihisi. Mwanamke anayesimama Mida na kamera ndogo kati ya waongoza watalii na wageni wenye lenzi ndefu mkono mzima, najua anavyotazamwa. Lenzi nyeupe kweli huwanyamazisha watu, angalau siku za kwanza. Kama hicho ni sehemu ya unachotaka kununua, si dhambi, ila kijue kwa jina lake, ukipime kwa bei yake. Ni mkopo wa sacco wa Sh85,000.

Ile ndogo, 55-210, nisiipite haraka kama ulivyoipita wewe. Ina gramu 270, inaingia kwenye mkoba wa shule pamoja na madaftari. Picha za R10 zina upana wa pikseli 6,000, na ukurasa wa kalenda wa A4 uliolazwa, uchapishwe vizuri, unahitaji kama 3,500. Maana yake unaweza kuikata picha ya 210 ikawa kama umepiga kwa 350 hivi, na bado ikachapika. Ubaya wake ni kwamba hakuna akiba: picha ikitetemeka kidogo au fokasi ikikosea kidogo, kukata kunalianika kosa lote. Tena nayo ikivutwa mwisho ni f/7.1, kwa hiyo msituni haikupi cha maana kuishinda ile ya f/8. Kwa yangeyange, kwa mdiria aliyetulia juu ya mkoko, kwa ndege waliosogezwa na maji, itakufaa. Kwa aliye mbali utakasirika.

Ile ya 100-400 mpya ina jambo ambalo hukulitaja. Husogea karibu sana, chini ya mita moja, na kitu kidogo hukifanya kikubwa. Nyinyi wa Gede mna vipepeo mpaka vimeanzishiwa mradi. Angalia hilo.

Tuje kwenye kalenda. Wazo ni zuri na sitaki kulizima. Ila tazama tarehe. Lenzi inafika Desemba. Kalenda huanza kununuliwa Oktoba na Novemba, na hoteli huagiza mapema zaidi. Ndege wa msimu wako nasi tangu Septemba, Oktoba hivi hadi karibu Aprili, kisha wengi wanaondoka. (Hao wala kaa wako huenda kutagia visiwani na pwani za Uarabuni, Oman ikiwemo, wanachimba mashimo mchangani, wanataga yai moja jeupe. Mwambie dada yako kwamba yeye na ndege wako wanapishana njiani.) Kwa hiyo una miezi ya Desemba hadi Machi kupiga, kisha uchague, uchapishe, uuze mwishoni mwa mwaka. Pesa ya kwanza iko karibu mwaka mzima mbele, na mpiga chapa atataka yake kabla hujauza hata moja. Mkopo wa sacco hausubiri hivyo. Ukichukua lenzi ya dada, kalenda ikichelewa umepoteza nini? Ukichukua ya mkopo, ikichelewa nani atalipa? Sijui mshahara wako umebanwa kiasi gani. Wewe unajua. Andika kwenye karatasi, bila kuihesabu kalenda hata senti.

Sasa nyumbani. Umesema mumeo hakukubali wala hakukataa. "Wewe wajua" huwa na maana nyingi kinywani mwa mume. Mmoja huisema akiwa na maana "nakuamini." Mwingine ana maana "tulishakubaliana tangi, sasa waniuliza nini?" Mwingine alikuwa anasikiliza habari tu. Wewe umechagua maana moja na umeishi nayo wiki nzima. Ungemuuliza tena, si wakati wa taarifa ya habari? Na usimuulize kuhusu lenzi kwanza, muulize kuhusu tangi. Maana hapo ndipo penye fundo: pesa ni zako za chama, lakini neno ulishalitoa. Inawezekana atasema tangi lianze na lita 1,000 na hizo nyingine zije zamu ijayo. Inawezekana atasema hapana. Ukimuuliza uwe umejiandaa kulisikia hilo la pili, kwa sababu swali linaloulizwa kwa kutaka ndiyo peke yake huzua ugomvi mkubwa kuliko lile ambalo halikuulizwa.

Na ubinafsi? Sikuuona katika barua. Niliona mtu aliyeanza kwa ajili ya wanafunzi, kisha akajikuta anakipenda kitu mwenyewe. Kuhusu shemeji zako na pikipiki una hoja, na mimi ningekasirika pia. Ila jihadhari usiinunue lenzi ili kuwajibu wao. Lenzi iliyonunuliwa kwa hasira huwa nzito hata ikiwa ya gramu 270.

Mavyaa ana maneno mawili ndani ya moja. La mke wa mtu na tope, hilo ni lake, msikilize kwa heshima na uendelee. La maji ndani, hilo si la kupuuza, kwa sababu yaelekea na yeye ni miongoni mwa wanaobeba madumu. Mwalike siku moja Mida, yeye na wajukuu, bamvua la alasiri. Simaanishi kwamba ataongoka. Lakini itakuwa vigumu kidogo kusema "kufuata ndege" kwa sauti ile ile.

Kuacha kabisa ulikotaja mwishoni, nako ni chaguo, na si la aibu. Dada atarudi likizo nyingine. Hasara ni kwamba unaupoteza msimu huu, na zawadi ya nduguyo nayo huwa na wakati wake. Mwakani huenda mambo yake yakabadilika. Faida ni tangi, usingizi, na mwaka mmoja wa kujifunza kukaribia ndege kwa ulicho nacho. Wengine wanaomiliki lenzi za 600 hawajajifunza hilo hadi leo.

Utakapokuwa umeamua, usimpigie dada simu tu. Mwandikie jina zima la lenzi, herufi na namba zote, kwa sababu duka likikosa ile uliyotaka humpa mgeni inayofanana. Ipo EF 75-300 ya zamani inayouzwa rahisi kila mahali, haina kituliza hata kidogo, na kwenye R10 yako hiyo itakuvunja moyo. Asiikubali hata wakimpunguzia. Kama ni RF 100-400, kofia yake ya kukinga jua haimo kwenye boksi, huuzwa mbali, inaitwa ET-74B. Filta, ukitaka, ni ya milimita 67. Aulize kama waranti inatambuliwa Kenya, aichunge risiti, na lenzi asafiri nayo mkononi, asiitie kwenye mzigo. Kama ni pesa taslimu za ile nyeupe, mwambie asizitume hadi umeshaimulika kwa tochi. Na kwa yoyote itakayoingia nyumbani kwako, nunua kontena la plastiki linalofunga kabisa na vijifuko vya silika vya kunyonya unyevu kabla haijafika. Ukitoka Mida ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kuondoa chumvi, uiache ikauke, ndipo uifungie humo.

Shangazi